Si Baridi Inayoua Nyanya

Huenda msomaji akashangaa kumwona mwalimu wa isimu akiingilia mambo ya nyanya. Nina sababu yangu.

Ukipita Kibera, au ukishukia Kawangware, hukosi kuona magunia yaliyojazwa udongo na samadi, sukuma wiki zikichomoza ubavuni na nyanya zikisimama juu. Kilimo hiki kilishika kasi Kibera mwaka 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, chakula kilipoadimika. Tangu hapo, gunia moja limeokoa jioni nyingi.

Ifikapo Julai, nyanya hizo hubadilika ghafla. Jani hupata doa kama lililomwagiwa maji moto, kisha huwa jeusi. Ukiligeuza alfajiri utaona utando mweupe. Shina hushika michirizi ya kahawia, tunda nalo huota baka gumu. Siku chache tu, gunia zima limekwisha. Mwulize mwenyewe, naye atakujibu: "Zimechomwa na baridi." Jirani yake Mkikuyu atasema mbaa, yaani umande ulioganda.

Hapa ndipo isimu inapohusika. Jina hilo halikutungwa kijinga, kwani maradhi haya hupenda kweli ubaridi wa nyuzi 15 hadi 20 na majani yaliyoloa usiku kucha. Lakini baridi humfungulia mlango tu muuaji. Muuaji mwenyewe ni kiumbe hai, Phytophthora infestans, yule yule aliyeangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi. Anayeamini kwamba mmea wake umeuawa na hali ya hewa hana wa kupigana naye. Huyaacha majani yaliyooza chini ya gunia, na upepo ukavipeleka viini kwa jirani aliye hatua tatu tu.

Wataalamu nao hawakutufaa sana. Vitabu vya kilimo, hasa vya Tanzania, vina bakajani chelewa na mwenzake bakajani tangulia, tafsiri sisisi za Kiingereza. Huyo "anayechelewa" aweza kuua hata miche! "Anayetangulia" ni mwingine kabisa, Alternaria, apendaye joto zaidi, na alama yake ni duara ndani ya duara, majani ya chini kwanza. Ukungu lingekuwa neno zuri, ila ndilo hilo hilo la hewa ya asubuhi, nasi tungerudi kwenye baridi. Mimi ningeridhika na kuvu. Najua sayansi ya leo humweka Phytophthora karibu na mwani wa baharini kuliko kuvu halisi. Haidhuru. Kila mama anajua kuvu la mahindi, na anajua kwamba punje mbovu haziachwi kati ya nzima.

Kuna hatari nyingine. Katika duka moja nilimwona mama akipimiwa dawa ya unga kwa kifuniko cha chupa, ikafungwa katika kipande cha gazeti. Lebo ilibaki dukani, pamoja na kipimo cha maji, onyo la glovu, na idadi ya siku za kungoja kabla ya kuchuma. Mama huyo aweza kunyunyiza Ijumaa na kuuza Jumamosi, tena bila faida, maana dawa nyingi za aina hii hukinga tu. Mmea uliokwisha kuoza haufufuki.

Somo la kilimo shuleni hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi huandika jina la ugonjwa huu katika mtihani, akapata alama zake, kisha akifika nyumbani hana neno la kumwambia mamake. Haya ni katika nchi ambayo Katiba yake ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi.

Ninawaomba walimu wa Kiswahili na wa kilimo waketi pamoja kabla ya Juni. Gunia moja uani mwa shule latosha. Wanafunzi walimwagilie asubuhi, shinani wala si majanini. Wapogoe majani ya chini. Wasilisogeze karibu na viazi. Na mmea mgonjwa waung'oe na kuufukia mbali. Kisha waandike insha juu ya walichokiona, kwa Kiswahili, na kuwasomea wazazi wao nyumbani.