Maji Peke Yake Hayatoshi

Mwandishi aliyedai kwamba miche ya Kigali itavuka kiangazi cha Juni hadi Agosti kwa kumwagiliwa tu amekosea. Fukua taratibu chini ya msonobari: utaona nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko unywele, zimevika ncha za mizizi kama soksi. Hizo ni kuvu. Hupenya vitundu vya udongo ambamo mzizi hauingii, zikaleta maji na fosforasi. Mti huzilipa sukari. Umusave, mti wetu wa asili, nao una kuvu zake, zilizojificha ndani ya mizizi. Tukikwangua udongo wa juu na kujaza kifusi, tunapanda yatima. Siku ya umuganda, yaani kazi ya pamoja ya jamii, tia shimoni konzi ya udongo wa chini ya umusave mkongwe wenye afya, weka matandazo, ndipo umwagilie.