Foto za maporomoko ya Lofoi, mwezi wa baridi



Wengi mmetuuliza kwa nini tulipanda Kundelungu mwezi wa saba, wakati hata Lubumbashi watu wanalala na blanketi mbili. Jibu ni barabara. Wakati wa mvua njia ile ni matope, na gari likikwama hakuna wa kumwita. Wakati wa baridi ni vumbi tu, na majani yamekauka, mtu anaona pa kukanyaga.

Lofoi ni mto mdogo. Unatembea polepole juu ya uwanda, halafu ghafula udongo unakwisha na maji yanaanguka zaidi ya mita 300, kisha yanaenda kujiunga na Lufira kule bondeni. Ni kati ya maporomoko marefu kabisa ya Afrika. Sisi tuliozaliwa Katanga, wengi tulikuwa tunayajua kwenye kalenda tu.

Tulifika saa sita mchana, na hapo tulikosea. Kila mmoja alitoa simu, tukapiga foto zaidi ya sitini. Jioni tulipozitazama, maji yote yalikuwa meupe kama shuka lililoanikwa: hakuna mstari wala tone. Jua la mchana lilikuwa kali mno, tena moshi wa mioto ya pori ulikuwa umejaa bondeni, na vioo vya kamera vilikuwa na vumbi la safari. Hakuna aliyekumbuka kufuta chake.

Kijana aliyetuendesha hupiga foto za ndoa kila siku ya posho. Alitucheka kidogo, halafu akatufundisha. Tulale na simu ndani ya vikwembe, kwa maana baridi inakula batri. Turudi asubuhi, wakati ukuta wa mawe ungali kivulini. Mtu aguse maji kwenye kioo cha simu, ashushe mwanga kwa kidole mpaka maji yaonyeshe mistari yake. Yeye mwenyewe aliweka kamera yake juu ya jiwe, akaliacha jicho lake wazi nusu sekunde, na maji yakatoka laini kama moshi. Alipolifunga upesi, kila tone lilionekana peke yake. Yeye anapenda ile ya moshi. Sisi tulichagua ya matone, kwa sababu ndivyo tulivyoyaona kwa macho.

Mwezi wa saba maji ni machache, hatukatai. Lakini ule uchache ndio uliotuwezesha kuona mwamba wote, mwekundu na mweusi.

Sasa jambo ambalo hatukulieleza nyumbani tuliporudi. Asubuhi ile mmoja wetu alitaka kujipiga foto mwenyewe, maporomoko yakiwa nyuma yake. Alirudi nyuma hatua moja, ya pili, ya tatu, macho kwenye simu. Jiwe la kando ya mto lina utelezi hata wakati wa kiangazi. Mguu uliteleza. Aliyekuwa karibu alimkamata kwa kikwembe, na kikwembe kilipasuka, lakini kilimshika. Kutoka pale mpaka ukingoni zilibaki hatua nne. Tulikaa chini sote, hakuna aliyesema kitu kwa muda mrefu. Ana watoto watano.

Tangu hapo tuliweka sheria: anayepigwa foto anakaa chini, na anayepiga ndiye anayechagua mahali, mbali na ukingo. Hakuna kujipiga mwenyewe. Watakaopanda mwaka kesho wataapa kwanza, kisha watapanda gari.

Na sheria hiyo ilituletea foto tuliyoipenda kuliko zote. Mama mkubwa wa kundi letu hakuwa amekubali kupigwa. Alisema yeye ni wa kushika mifuko. Tukamkalisha juu ya jiwe, mifuko yote magotini, maji nyuma yake, mbali. Ndipo tuliona urefu wa Lofoi kwa kweli: bila mtu, maporomoko kwenye simu ni kama maji ya robine. Baadaye, tukiwa tunakula bukari, alituambia kwamba tangu ndoa yake hajawa na foto nyingine ila ile ya karte, nayo imeanza kufutika. Za watoto anazo nyingi. Yeye ndiye aliyekuwa anazipiga, au anashika mtoto mwingine pembeni.

Tulipouliza kwenye makutano ya juma hili, wamama kumi na mmoja walisema vilevile.

Foto yake tumeichapisha kwa ukubwa wa daftari, na imetundikwa ukutani kwake, juu ya redio. Kijana wetu amekubali kuja kwenye makutano ya posho ijayo, saa tisa, kupiga kila mama atakayetaka. Lofoi haitakuwepo, lakini mti wa maembe wa uwanjani upo. Mje na kikwembe mnachokipenda, na watoto waachieni baba zao saa moja.