Vijana wa Skauti na Redio ya Ridhaa

Baadhi ya wazazi wa hapa Rwamishenye wametuuliza kama yafaa mtoto wa chuo aliyeingia katika skauti afundishwe kusema na watu wa mbali kwa redio. Hofu yao ni moja: mtoto atasema na nani, na nani atamjua mtu huyo? Hofu hiyo si ya kupuuzwa.

Redio ya ridhaa ni ile ambayo mtu huitumia kwa kuipenda elimu yake, si kwa biashara wala mshahara. Kwa kanuni za mataifa, msemaji hana ruhusa ya kuuza kitu wala kusema kwa mafumbo ili wengine wasifahamu. Kila asemalo husikiwa na yeyote aliyetega sikio, na hana budi kujitaja kwa herufi na tarakimu alizopewa na serikali, ambazo kwa Tanzania huanza na 5H. Basi mzazi na apime mwenyewe: lipi la kuogopwa zaidi, mazungumzo haya ya hadharani, au simu ambayo kijana huifunika kwa shuka usiku wa manane? Sisi twaiogopa simu. Hata hivyo mtoto na aonywe asitaje nyumba yao wala safari za wazazi wake, kwa kuwa wasikilizaji ni wengi.

Wala jambo hili si geni kwa skauti. Mwaka 1957, katika jamborii ya Sutton Park, Uingereza, skauti wenye redio waliagana wakutane tena hewani. Na Mei 1958 Bwana Leslie Mitchell akaandaa Jamborii ya Hewani ya kwanza. Tangu hapo hufanyika kila mwaka, aghalabu mwishoni mwa juma la tatu la Oktoba. Mtoto asiye na leseni husema pale tu sheria inaporuhusu, na mwenye leseni akiwa kando yake. Wala asidhani mtu kuwa hiyo ni kazi ya wasio na kazi. Mfalme Hussein wa Jordan, aliyefariki mwaka 1999, alijulikana hewani kwa JY1. Na Sultan Qaboos wa Oman, aliyefariki mwaka 2020, kwa A41AA.

Sasa na tuje kwetu. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, ardhi ya Bukoba ilitikisika kwa kipimo cha 5.9, watu walikufa, nyumba zikaanguka, na shule za Ihungo na Nyakato zikaharibika vibaya. Siku kama ile kila mtu huitaka simu yake kwa dakika ile ile, na minara huzidiwa. Umeme ukikatika muda mrefu, betri za minara nazo huisha. Redio ya ridhaa haihitaji mnara. Betri ya gari na waya wa mita 20 uliofungwa kati ya migomba na mwembe, tuseme, vyatosha. Waya huo ukiwekwa chini chini, mawimbi hupanda juu angani kisha hurudi na kushuka karibu, yakavuka milima hata kufika Muleba au Ngara bila kuzuiliwa na bonde. Huko Nepal mwaka 2015, baada ya tetemeko kubwa, wenye redio hizo walisaidia kupeleka habari.

Lakini chombo hakimsaidii asiyekizoea. Kijana hujifunza kwanza kunyamaza: asikilize kama njia ina watu, aulize, ndipo aseme, na akisema, aseme kwa ufupi, apishe mwingine. Hapo ndipo sisi walimu tunapofurahi zaidi, maana ni adabu tunayoihimiza kila siku darasani, na aghalabu hatuipati.

Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania; kiongozi wa kundi na aulize huko kabla hajanunua chombo cha kurushia. Wakati wa kungoja, vijana waweza kusikiliza jioni kwa redio ya mawimbi mafupi, katika mita 40. Wakisikia sauti kama ya bata, wasidhani redio imeharibika. Wanaoongea wanatumia namna nyingine ya kurusha sauti, nayo yahitaji redio yenye kitufe kilichoandikwa SSB; hicho kikibonyezwa, na redio ikazungushwa polepole, bata hugeuka mtu.