Kidonge kimoja, miili miwili: Kwa nini dawa humsumbua huyu na kumwacha yule

Watu wawili wa Ngombezi wanaweza kutoka kliniki siku moja, wamepewa dawa ileile, wakaimeza usiku saa ileile. Kukicha, mmoja anashika jembe kwenda shambani. Mwenzake anashika ukuta kwa kizunguzungu, na usiku kucha ameota ndoto za kutisha. Anayelalamika mara nyingi huambiwa avumilie, au hudhaniwa anatafuta sababu ya kuacha dozi. Utafiti uliofanywa Afrika, na hapa Tanzania pia, umeonesha kuwa malalamiko ya namna hii yanaweza kuwa na sababu ndani ya mwili wenyewe.

Dawa ikishamezwa inakwenda wapi?

Dawa hupita tumboni, huingia kwenye damu, na damu huifikisha kwenye ini. Humo kuna vimeng'enya, ambavyo kazi yake ni kuivunjavunja dawa ili mwili uitoe nje. Wewe unayeishi jirani na mashamba ya mkonge unaijua mashine ya korona. Ikifanya kazi vizuri, majani yanaingia na kutoka. Ikiwa nzito, majani yanarundikana nje. Ini nalo ni hivyo hivyo. Kimeng'enya kikiwa kizito, dawa hurundikana kwenye damu na kuleta madhara. Kikiwa chepesi kupita kiasi, dawa huisha kabla haijamaliza kazi. Kasi hiyo hutokana kwa sehemu kubwa na vinasaba tulivyorithi kwa baba na mama.

Somo la efavirenz

Mfano ulio wazi zaidi ni efavirenz, dawa ya ARV iliyotumika sana kwa miaka mingi. Dozi ya kawaida ya mtu mzima ilikuwa miligramu 600 kwa siku. Dawa hii huvunjwa na kimeng'enya kiitwacho CYP2B6. Mtafiti wa Zimbabwe, Profesa Collen Masimirembwa, na wenzake waligundua kuwa takribani mtu mmoja kati ya watano nchini mwao amerithi kimeng'enya kizito kutoka kwa wazazi wote wawili. Kwa watu hao, dozi ya kawaida ilikuwa kubwa mno.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Muhimbili walishirikiana na wenzao wa Ethiopia na Sweden kuwalinganisha wagonjwa wa nchi mbili. Matokeo yao, yaliyotoka mwaka 2013, yalionesha Watanzania wakiwa na efavirenz nyingi zaidi kwenye damu kuliko Waethiopia, ilhali dozi ilikuwa moja. Kwa hiyo hata kusema "dozi ya Mwafrika" haitoshi. Sisi kwa sisi tunatofautiana.

Mwaka 2014 utafiti wa kimataifa ulithibitisha kuwa miligramu 400 zinadhibiti virusi sawa na 600. Yaani watu wengi walikuwa wakimeza zaidi ya walichohitaji. Tangu mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani limependekeza dolutegravir iwe dawa ya kwanza, na Tanzania nayo imehamia huko.

Kwa nini bado linakuhusu?

Kwa sababu dawa moja inaweza kubadili kasi ya kuvunjwa kwa nyingine. Rifampicin, inayotibu kifua kikuu, huliharakisha ini kiasi kwamba dolutegravir huisha mapema. Ndiyo maana mgonjwa mwenye maradhi yote mawili huongezewa dolutegravir, akameza mara mbili kwa siku. Asiposema kuwa anatumia dawa ya kifua kikuu, hatapewa nyongeza hiyo. Efavirenz nayo hupunguza lumefantrine, mojawapo ya dawa zilizomo kwenye dawa mseto ya malaria.

Kipimo cha vinasaba hakipo kwenye zahanati zetu, na si kila mtu anakihitaji. Lakini kuna mambo yasiyohitaji maabara:

Ukienda zahanati au duka la dawa, taja kila unachotumia, na miti shamba pia. Hakuna aibu.

Dawa ikikusumbua, usiache wala usipunguze mwenyewe. Rudi ueleze ilianza lini, inakujia saa ngapi, na inakuzuia kufanya nini.

Usimgawie jirani dawa zako kwa kuwa wewe zilikufaa. Ini lake si lako.

Dawa mseto ya malaria meza pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, ili mwili uipokee vizuri, na umalize siku zote tatu.

Kwa wahudumu wetu wa afya, tafiti hizi zina ujumbe mmoja mzito. Mama anayesema "dawa hii inanilevya" anakupa taarifa ya kitabibu. Iandike kwenye kadi yake, umsikilize, na ikibidi umpe rufaa. Akikemewa, ataondoka kimya na kuziacha dawa nyumbani, na hapo virusi au vijidudu hupata nafasi ya kuwa sugu.