Baba Asiwe Mgeni Nyumbani Mwake

Wazee wetu wa pwani humwita mwanamke aliyetoka kujifungua mzazi. Mumewe, katika siku hizo arobaini, hana jina. Nimelitafakari sana pengo hili, kwani yaelekea lasema kweli juu ya maisha yetu: mtoto azaliwapo, baba aghalabu hugeuka mgeni nyumbani mwake mwenyewe.

Sisemi haya kwa kusimuliwa. Kifungua mimba wetu alipozaliwa, mama alikuja kutoka mashambani kumhudumia mkaza mwanawe. Alipika uji, akamwosha mtoto na kumkanda mzazi kwa maji ya moto. Nami, nikidhani kwamba hayo si ya wanaume, niliona heri nichelewe kazini. Mama aliporejea kwake, mimi na mke wangu tulijikuta hatuna la kuzungumza ila maziwa na kliniki. Jioni moja akaniambia kwa upole, "Baba watoto, kodi unalipa, lakini siku hizi unaishi humu kama mpangaji." Maneno hayo yalinichoma kuliko matusi.

Wapo watakaouliza: mbona babu zetu hawakumwosha mtoto na ndoa zao zikadumu? Swali hilo ni la haki. Lakini na tukumbuke kwamba nyanya zetu walijifungua katikati ya boma, wamezungukwa na mashangazi, mawifi na majirani. Leo mke amejifungia katika chumba kimoja Umoja au Changamwe, na jirani hamjui hata kwa jina. Msaada uliotoka kwa watu kumi sasa unatazamiwa kwa mtu mmoja, naye ni mume. Akijitenga, mke hulemewa. Na aliyelemewa hana nguvu ya kucheka wala kupendana.

Sheria zetu zimekwisha kulitambua jambo hili. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 humpa mama mwajiriwa likizo ya miezi mitatu, na baba wiki mbili, wote kwa mshahara kamili. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 nacho chasema kwamba jukumu la kumlea mtoto ni la baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana. La kusikitisha ni kwamba wanaume wengi huzitumia siku hizo 14 kusimamia ujenzi au kutembelea marafiki.

Isitoshe, likizo hiyo ni ya mwenye mwajiri. Wafanyakazi wengi wa nchi hii wamo katika jua kali. Fundi wa Gikomba asipofungua kibanda chake, siku hiyo hapati kitu. Huyu hatuwezi kumwambia akae nyumbani wiki mbili. Twaweza, hata hivyo, kumwambia achague kazi moja ya mtoto kila jioni na aifanye bila kuombwa.

Mimi nilichagua kumwosha mtoto. Mikono ilinitetemeka, na mke wangu akaniacha nijifunze pasipo kuninyang'anya. Hapo nao wake wana fungu lao, kwani mume anayekemewa kila ashikapo nepi hatashika ya pili. Mtoto alipolala, tulikubaliana kuketi nusu saa tukizungumza lolote lisilomhusu yeye. Haikuchukua muda mrefu kicheko kikarudi nyumbani.

Waajiri nao wasimwone anayeomba likizo hiyo kuwa mvivu, kwani haombi hisani bali haki yake.

Ndoa haivunjiki siku moja. Huanza kwa ufa mdogo, usiku mtoto aliapo na mmoja akajifanya amelala. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ewe baba, amka umpokee mwanao, ili nawe ustahili kuitwa mzazi.