MOTOKAA ILIYOBONYEA NA MSHAHARA WA DEREVA



Sisi tunaokaa Shirere, hapa Kakamega, tumepata somo ambalo twaona si vema kulificha. Ni habari ya motokaa iliyogonga kidogo, na jinsi ya kukata shauri itengenezwe namna gani. Wengi wenu mnaendesha magari ya matajiri, na wengine mmechanga fedha mkanunua gari lenu wenyewe. Jambo hili laweza kuwafikia siku yo yote, kwa hiyo twawaomba msome hata mwisho.

Tulichanga akiba zetu tukanunua motokaa moja kuukuu ya kubeba abiria na mizigo, tukamwandika kijana mmoja kuwa dereva. Siku moja alasiri mvua ilinyesha sana, kama ilivyo desturi ya Kakamega. Kijana akiingia barabarani aliteleza, akagonga trela ya trekta iliyokuwa imesimama. Hakuna mtu aliyeumia, Mungu ashukuriwe, na trela haikupata hata alama. Lakini motokaa yetu madigadi ya mbele ilibonyea, taa ikavunjika, bampa ikapasuka, na mlango ukakwaruzwa mpaka bati likaonekana.

Kijana alisimama, akampa mwenye trekta jina lake na majina yetu, kisha akaenda kutoa ripoti polisi. Alifanya vema. Sheria ya barabarani ya Kenya humtaka dereva asimame, na asipopata kutoa jina lake, apige ripoti polisi kabla ya saa 24 kupita.

Jioni ile tukakutana. Mmoja wetu alitaka motokaa ipelekwe gereji kubwa Kisumu, iwekwe madigadi mpya na bampa mpya, na ipigwe rangi yote nzima. Wa pili alisema fundi wa jua kali wa hapa hapa ajaze filla, apulize rangi, yaishe. Wa tatu alisema bima italipa. Na wa nne alisema neno ambalo wengi walilipokea kwa furaha: "Gharama yote akatwe dereva, maana yeye ndiye aliyegonga."

Twaona haya kuandika jambo hili. Sisi ambao kila mkutano twapiga kelele juu ya kukatwa mishahara, siku tulipokuwa matajiri sisi wenyewe, neno la kwanza lilikuwa kukata. Hata hatukujua bado kitu gani kimevunjika.

Hapo mzee mmoja wetu, aliyefanya kazi ya kukagua mabehewa, akauliza, "Behewa likigongwa, je, sisi wa reli twaanza na rangi?" Tukanyamaza wote. Kila mtu wa reli ajua ya kuwa hutazamwa magurudumu, breki, fremu na viungo vya kufungia mabehewa. Rangi ni ya mwisho. Basi asubuhi yake tukaenda kuitazama motokaa kwa maswali matatu.

Swali la kwanza: Je, ni salama? Tulilala chini tukatazama kama kuna chuma kilichopinda au mafuta ya breki yanayovuja. Tukapima kwa kamba kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma, kulia na kushoto. Vipimo vilikuwa sawa. Tukafungua milango na boneti, vikafunga vizuri. Tukaiendesha polepole mahali palipo sawa, haikuvuta upande. Kama ingevuta, fedha zote zingekwenda huko kwanza. Lakini taa ilikuwa imekufa, na motokaa yenye taa moja usiku ni hatari. Basi taa ikawa ya kwanza katika hesabu.

Swali la pili: Je, kutu itaingia? Mkwaruzo wa mlango ulionekana mdogo kuliko kibonyeo cha madigadi, lakini ndio uliokuwa mbaya zaidi, maana bati lilikuwa uchi. Kwa mvua za kwetu bati kama hilo halingoji mwisho wa mwezi. Lazima lipigwe msasa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu upesi, hata kama rangi ya juu itangoja.

Swali la tatu: Je, iliyobaki ni sura tu? Kibonyeo kisichogusa gurudumu, na ambacho rangi yake haikupasuka, chaweza kungoja fedha. Hakuna aibu katika kibonyeo. Aibu ni deni la sura.

Sasa habari ya filla. Si mbaya, lakini si chuma. Fundi mwema huligonga bati kwanza kwa nyundo mpaka karibu lirudi mahali pake, ndipo apake filla nyembamba ya kusawazisha. Fundi wa haraka hujaza shimo lote. Filla nene hupasuka, maji huingia, na kutu hula chini kwa chini. Mkitaka kujua, wekeni sumaku: juu ya filla nene haishiki.

Tena jueni ya kuwa katika motokaa nyingi madigadi ya mbele hufungwa kwa bolti. Ikiwa imekunjika vibaya au kuchanika, kununua iliyokwisha tumika na kuifunga huwa rahisi kuliko kuigonga siku mbili. Ya nyuma imechomelewa katika bodi, kwa hiyo ni afadhali kuinyoosha kuliko kuikata.

Na bima? Ile ambayo sheria ya Kenya hulazimisha kila mwenye gari kuwa nayo ni kwa ajili ya watu watakaoumizwa au kuuawa. Haitengenezi bati lako. Tulikuwa na bima ya namna hiyo, basi mwenzetu wa tatu akakaa kimya.

Mwisho tulinunua taa iliyokwisha tumika, madigadi ikagongwa na fundi wa Shirere, mlango ukapakwa rangi, na bampa ikaungwa kwa chuma cha moto kwa kuwa vishikizo vyake vilikuwa vizima. Rangi hailingani sawasawa. Gharama haikufika hata nusu ya ile ya Kisumu, na tulilipa kutoka katika mfuko wa kundi. Dereva hakukatwa hata senti. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 humruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa kwa kosa la makusudi. Kuteleza katika mvua si makusudi.

Jambo moja tena. Fundi yule alikuwa akipuliza rangi na kitambaa tu puani. Rangi nyingi za siku hizi zinazochanganywa na dawa ya kuzigandisha zina sumu iitwayo aisosianeti, ambayo huweza kumletea mtu pumu, na kitambaa hakiizuii. Tukipatana bei na fundi hata asiweze kununua kinyago cha kweli, tumemfanyia yale tunayoyakataa kwa matajiri wetu.

Kwa hiyo twawashauri ninyi mnaoendesha magari ya matajiri: gari likigonga, ombeni kuwapo linapokaguliwa. Takeni gharama iandikwe kitu kwa kitu, salama mbali na sura mbali. Mtu asikubali kukatwa mshahara kwa rangi ya gari zima kwa sababu ya madigadi moja. Na ninyi mlio na gari la ushirika, lilaleni chini mlitazame kabla ya kumtazama dereva.

Ni sisi wenzenu wa Shirere.