Tumbo limekatwa, kazi ndo kwanza inaanza!

Leo tunaongea na mabonge, wanaoishi na mabonge, na wale ambao bado hawajawa mabonge ila chipsi mayai za kila usiku zinawasogeza huko taratibu. Asinune mtu, maana hili ni suala la afya, si la kuchekana.

Siku hizi ukikaa saluni au kijiweni hukosi kusikia habari za operesheni ya kupunguza tumbo. Fulani kaenda India, karudi, baada ya miezi minne suruali zote zinamvuka. Basi kila mtu anatamani! Wengi wanafikiri ni kama kwenda kwa fundi cherehani: unapunguziwa, unalipa, unaondoka zako. Thubutu! Kisu kinachukua saa chache tu. Kazi yenyewe inaanza ukizinduka kwenye nusu kaputi, na haiishi hadi siku unaingia kaburini.

Kama unabisha, mwangalie Diego Maradona, yule fundi wa Kombe la Dunia la 1986. Machi 2005, akiwa bonge hasa, alikwenda Cartagena kule Colombia akafanyiwa operesheni hiyo. Agosti mwaka huo huo akaibuka kwenye televisheni ya Argentina na kipindi chake mwenyewe, kapungua, kapendeza, mgeni wake wa kwanza Pelé. Watu wakasema huyu kaukata! Lakini mwaka 2007 alikuwa amelazwa hospitali Buenos Aires kwa matatizo ya pombe na ini. Uzito nao ukarudi, hadi 2015 akafanyiwa operesheni nyingine, safari hii Venezuela. Na huyo ni mtu mwenye pesa zake na madaktari wa kumzunguka! Kumbe tumbo linakatwa, mazoea hayakatwi.

Tuelewane kwanza kinachofanyika. Aina zinazofanywa sana ni mbili. Ya kwanza, daktari anaondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, kama asilimia 80 hivi, kinachobaki kinafanana na ndizi nyembamba. Ya pili, anatengeneza kifuko kidogo kama yai la kuku, halafu anakiunga na utumbo mwembamba kule chini, chakula kinapita njia ya mkato. Puto, kama lile ambalo watu wameshawekewa hapa kwetu Mloganzila, ni kitu kingine: linapitishwa mdomoni bila kisu, na baada ya miezi linatolewa.

Sasa tuje kwa aliyekatwa. Siku ile ile, au asubuhi ya pili, manesi watakuinua utembee. Usiwaone wana roho mbaya! Ukilala kama gogo damu inaweza kuganda miguuni, pande likapanda hadi mapafuni, ikawa msiba. Mambo yakiwa shwari unaruhusiwa baada ya siku 1 hadi 3. Nyumbani, wiki mbili za mwanzo ni vya kunywa tu: maji, supu iliyochujwa, maziwa yasiyo na mafuta, uji mwepesi usio na sukari. Wiki ya 3 na ya 4 unaingia kwenye vilivyosagwa, kama mtori laini, mtindi na maharage yaliyopondwa. Halafu samaki na yai. Chakula cha kawaida kinarudi polepole kwenye wiki ya 6 hadi ya 8, tena kwa sahani ya mtoto. Kama daktari wako kakupa ratiba nyingine, fuata yake, achana na yangu.

Maji unahitaji kama lita moja na nusu kwa siku, lakini si kwa kugugumia. Nusu funda, unapumzika, nusu funda tena, kutwa nzima chupa iko mkononi. Usinywe pamoja na chakula. Subiri nusu saa. Soda usiguse. Kwenye sahani anza na kitoweo, maana mwili unataka angalau gramu 60 za protini kwa siku, na yai moja linakupa kama 6 tu. Ukianza na wali, tumbo litajaa kabla hujafika kwenye samaki. Na ile ndoo ya lita 20 mwachie mwingine, wiki 6 hivi usinyanyue kitu kizito.

Hapa sasa msikilize vizuri. Wiki za mwanzo ukiona moyo unakwenda mbio kupita mapigo 120 kwa dakika ukiwa umekaa, una homa, tumbo linazidi kuuma, pumzi inakata au mguu mmoja umevimba, usisubiri kupambazuke. Kodi gari usiku huo huo. Inawezekana pale paliposhonwa panavuja, na mchezo huo hauna marudiano.

La pili ni kutapika. Ukitapika mara moja kwa sababu umekula haraka, umepata somo. Lakini ukipitisha siku nzima hata maji hayakai, hiyo si kawaida, hata kama shangazi anasema "ndiyo mafuta yanatoka hayo." Ukiendelea kutapika siku nyingi vitamini B1 inakwisha mwilini. Unaanza kuona vitu viwili viwili, unayumba kama mlevi, unasahau. Hapo ubongo ndio unaumia, na ukichelewa hautengenezeki. Ukifika hospitali mwambie daktari kabla hajakutundikia dripu ya glukosi: "Nimekatwa tumbo, nimetapika siku kadhaa." Hiyo B1 inatakiwa itangulie.

Sasa tatizo letu wana wa mjini ni siri. Mtu anafanyiwa operesheni hataki ajue hata mama mkwe. Watu wanamwona anakonda, mtaa unanong'ona kuwa kakanyaga miwaya. Yeye, ili kuwaziba midomo, anakwenda harusini, anajipakulia pilau sahani nzima, anakula huku kavimba macho, kisha anakimbilia chooni kutapika! Jamani, pilau la kuwaridhisha majirani lina thamani gani? Au kichwa kinamuuma, anapita duka la dawa, anapewa diklofenaki, anameza bila kusema neno. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni, zinaweza kumchimba vidonda kwenye kile kitumbo kidogo, hasa kwa yule wa njia ya mkato. Sigara nayo ni hivyo hivyo. Na bia? Ile moja ambayo zamani ulikuwa huisikii, sasa inapanda kichwani haraka na kukaa muda mrefu. Wapo walioacha kula wakahamia kwenye chupa.

Sisemi upige debe stendi. Lakini watu watatu lazima wajue: anayekupikia, anayekuuzia dawa, na anayelala nyumba moja nawe, ili siku ukizidiwa awe na la kumweleza daktari.

Mwenye kisukari au presha, usiendelee kumeza dozi ile ile ya zamani kama vile hakuna kilichotokea. Uzito unashuka, sukari inashuka, ukibaki na dozi ya bonge unaweza kuanguka njiani. Lakini usijipunguzie mwenyewe, nenda kliniki. Madada nao wasikie: mwili ukipungua uzazi unafunguka, hata kwa aliyehangaika miaka. Madaktari wanashauri usubiri mwaka 1 hadi mwaka na nusu kabla ya kushika mimba. Kwa aliyefanyiwa ya njia ya mkato, vidonge vya majira si vya kutegemea sana, ulizia kijiti au kitanzi. Na nywele zikianza kunyonyoka mwezi wa 3 au wa 4 usikimbilie kwa mganga. Hutokea kwa wengi na mara nyingi zinaota tena, ila hakikisha protini na madini ya chuma vipo.

Kliniki yenyewe ni wiki ya 2 hivi, mwezi wa 1, wa 3, wa 6, mwaka, kisha kila mwaka. Ndiyo, kila mwaka! Unapimwa damu, chuma, B12, vitamini D. Vidonge vya vitamini ni vya maisha, maana tumbo lako halivuti tena kama zamani. Upungufu hauji na ngoma. Unaweza kupendeza miaka miwili huku damu inakwisha kimya kimya.

Kwa hiyo anayechanga nauli ya India au ya kokote, naomba apige hesabu mbili. Ya kwanza ni ya operesheni. Ya pili ni ya vitamini, vipimo na nauli za kliniki kwa miaka yote itakayofuata, na jina la daktari wa hapa nyumbani aliyekubali kukufuatilia kabla hujapanda ndege. Kama hesabu ya pili haijatimia, ya kwanza usiitoe benki. Na ukitoka hospitali hiyo ya ugenini usiondoke bila karatasi: aina ya operesheni, tarehe, dawa ulizopewa. Toa fotokopi tatu, moja ikae kwenye pochi. Siku umezimia, hiyo karatasi ndiyo itakayokusemea.

Haya, mimi naishia hapa. Wale waliokwishakatwa na hawajarudi kliniki tangu mwaka juzi, Jumatatu si mbali. Tukijaaliwa uzima, wiki ijayo tena!